Fileti kwenye divai, muundi kwenye makaa: nyama ipi inafaa chakula kipi?

Swali: *Mwalimu, shikamoo. Nimeanza kujaribu vyakula vya nyama vya mataifa mbalimbali. Nilipika ile nyama ya ng'ombe ya Kifaransa ya divai nyekundu, na kwa kuwa nilikuwa na wageni nikanunua fileti badala ya nyama ya kawaida. Nikaipika kwa saa tatu kama maelezo yalivyosema, ikatoka kavu kama makapi ya muwa. Wiki iliyofuata nikabanika muundi kama steki, haukutafunika, na nusu yake bado iko kwenye friza. Nitajuaje nyama ipi inafaa chakula kipi, na nianze na vyakula gani?*

Marahaba. Nimesoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nimecheka. Sikucheki wewe. Nacheka kwa sababu kazi zote mbili ulizifanya sawasawa, ila nyama zilibadilishana nafasi. Laiti ule muundi ungeingia kwenye divai na ile fileti ikaenda kwenye makaa, leo ungekuwa unaniandikia barua ya kujisifu.

Lawama kubwa naitupia majina. Chakula cha nyama kikishavuka mpaka, jina lake husema kila kitu isipokuwa kile unachohitaji kukijua. Tagine ya Wamoroko ni jina la chungu. Gulyás ya Wahungaria ni mchungaji wa ng'ombe. Bulgogi ya Wakorea ni "nyama ya moto". Bourguignon ni "ya Bourgogne", mkoa wa Ufaransa wenye mashamba ya mizabibu. Hakuna hata moja kati ya hayo linalokwambia kisu kilipita wapi kwenye mnyama, maana waliokipa chakula jina hawakuwa na haja ya kutaja kipande ambacho kila jirani alikijua. Yapo machache yanayosema wazi: ossobuco ya Milano maana yake ni mfupa wenye tundu, yaani muundi wa ndama uliokatwa kwa upana, uboho ukionekana katikati. Na fajita, ya wachunga ng'ombe wa mpaka wa Texas na Mexico, ni "mshipi mdogo", kile kipande kirefu chembamba cha kiwambo cha ng'ombe, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Mengine yote inabidi uulize.

Basi kabla ya kuuliza "chakula hiki kinatoka nchi gani", uliza "kiungo hiki kilikuwa kinafanya kazi gani mnyama alipokuwa hai".

Ukiutoa ule muundi kwenye friza, ukiyeyuka ukate kwa upana, uusogeze karibu na macho. Utaona mafungu ya nyama nyekundu, kila fungu limevikwa utando mweupe, na hapa na pale kano inayong'aa kama lulu. Weupe huo ndio habari yote. Ni protini iitwayo kolajeni, na misuli hujijengea kolajeni kwa kadiri inavyotumika. Muundi unatembea siku nzima. Shingo inanyanyua kichwa na kukishusha, shavu linatafuna na kucheua mchana na usiku, mkia haukai kimya. Fileti imelala ndani ya kiuno, chini ya uti wa mgongo, na ng'ombe anaweza kuishi maisha yake yote bila kuisumbua. Ikate uitazame: nyekundu tupu.

Sasa weka moto. Nyuzi nyekundu huanza kukaza zikifika sentigredi 50 na ushee. Zikipita 65 hujikunja na kujikamua maji, kama nguo mikononi mwa dobi. Kolajeni haina haraka hiyo. Huanza kulegea kwenye 60 na kitu, lakini kwa mwendo unaofaa jikoni inataka 80 na zaidi, na inataka muda: saa mbili, tatu, nne. Ikishalegea inageuka jelatini, ile inayofanya mchuzi ulale usiku na kuamka umeganda. Na hiyo jelatini ndiyo inayoifanya nyama iteleze mdomoni na kuonekana ina majimaji, ingawa nyuzi zenyewe zilikauka zamani.

Hapo ndipo ulipoangukia. Nyama yoyote iliyopikwa kwa saa tatu, nyuzi zake zimekauka, iwe muundi au fileti. Muundi una cha kufidia, fileti haina. Na usidhani kwamba kwa kuwa ilikuwa imezama kwenye divai ilikuwa inakunywa. Nyama inaweza kukauka ikiwa ndani ya mchuzi, kwa sababu kinachoikausha ni kule kujikamua kwake yenyewe, na maji ya nje hayarudi ndani kuziba pengo.

Kwa hiyo ukirudia ile bourguignon, mwombe muuza nyama bega, shingo, au kama una bahati, mashavu. Kata vipande vikubwa, sentimita tano kwa tano, maana vitapungua. Vipangusie maji, uvikaange kwa zamu kwenye mafuta ya bekoni hadi vipate rangi ya kahawia iliyokolea. Usivijaze vyote kwa mpigo, vitatoa maji na kuanza kujichemsha. Utasikia watu wakisema kwamba kukaanga huko "kunafunga maji ndani". Dai hilo lilienezwa na mkemia Mjerumani Justus von Liebig mwaka 1847, na limekuwa gumu kufa, lakini si kweli: sikiliza kipande ulichokwisha kukikaanga, kile kinachochirizika na kulia kwenye kikaango ni maji yanayotoka. Unakaanga kwa ajili ya ladha. Protini na sukari zikikutana na moto mkali kwenye uso mkavu hutoa ile harufu ya choma na rangi ya kahawia, mambo ambayo Mfaransa Louis-Camille Maillard aliyaeleza mwaka 1912.

Kisha divai, karoti, kitunguu, kitunguu saumu, jani la bay na mfuniko. Moto uwe mdogo kiasi kwamba unaona mapovu mawili matatu yakipanda kwa uvivu. Ukiona mchuzi unacheka kwa nguvu, punguza. Mimi huona tanuri la sentigredi 150 ni salama kuliko jiko, kwa sababu moto unazunguka chungu chote na huhitaji kukilinda. Uyoga na vile vitunguu vidogo vikaangwe pembeni na kuingia mwishoni, ama sivyo vitapoteza umbo. Halafu, kama unaweza kujizuia, ukile kesho.

Huo ndio ukoo wa kwanza: viungo vya kazi, maji kidogo, muda mrefu. Karibu kila taifa lina mtoto wake humo, na ukiujua ukoo huna haja ya kuogopa majina. Feijoada ya Brazili na maharagwe yake meusi, Irish stew ya shingo ya kondoo, nihari ya Delhi na Lucknow, India, ambayo muundi wake hulala motoni usiku kucha ili uliwe asubuhi (jina lenyewe linatokana na neno la Kiarabu la mchana, nahar): zote ni hesabu ileile, vikolezo tofauti. Lakini wawili kwenye ukoo huo nataka tuwatazame kwa karibu, kwa sababu kila mmoja anafanya jambo ambalo wengine hawafanyi.

Wa kwanza ni rendang ya Waminangkabau wa Sumatra Magharibi, Indonesia. Wapishi wengi duniani hukaanga kwanza kisha huchemsha. Waminangkabau wameugeuza mpango juu chini. Kilo moja ya nyama inaingia mbichi kwenye tui la nazi, lita moja na nusu hadi mbili, pamoja na pilipili, vitunguu vidogo vyekundu, tangawizi na nduguye galanga, binzari manjano, mchaichai na majani ya ndimu, vyote vilivyostahili kusagwa vikiwa vimesagwa. Hakuna kukaanga chochote. Unaacha tui litokote bila mfuniko.

Saa ya kwanza unaona mchuzi mwingi wa rangi ya manjano; hapo kinaitwa gulai, na ukitaka kula unaweza. Unaendelea. Maji yanapungua, rojo linakuwa zito na kuanza kutoa mafuta pembeni, rangi inaelekea kahawia. Hapo kinaitwa kalio. Watu wengi nje ya Sumatra wanapopewa "rendang" huwa wamepewa kalio, na hawajadhulumiwa sana, ni tamu. Lakini mpishi wa Padang, mji mkuu wa Sumatra Magharibi, haishii hapo. Maji yakiisha kabisa, tui linabaki mafuta tupu na vile viungo vilivyosagwa, na sasa, baada ya saa tatu nne, sufuria ileile inabadilika kutoka kuchemsha na kuwa kukaanga. Utalisikia badiliko hilo kabla hujaliona: ile sauti nzito ya kutokota inageuka kuwa mchirizo mkali. Kuanzia dakika hiyo usiondoke. Unageuza, unakwangua chini, unageuza, mpaka viungo vimeigandia nyama na kuwa vyeusi vyeusi bila kuungua. Niliwahi kuondoka dakika hiyohiyo kwenda kupokea simu. Nilirudi nikakuta sufuria ya mkaa.

Ukavu huo ni wa makusudi. Nyama isiyo na maji, iliyozungukwa na mafuta, chumvi na viungo, haiozi upesi, na Waminangkabau ni watu wa safari: kwao kuna desturi ya vijana wa kiume kwenda ugenini kutafuta maisha, wanaiita merantau. Rendang ilikuwa chakula cha kufungasha. Ndiyo maana nakwambia usiibadilishe nyama yake: tumia bega au paja la nyuma lenye utando. Fileti ingesambaratika kuwa unga kabla tui halijakauka.

Wa pili ni tangia ya Marrakech, Moroko. Usiichanganye na tagine. Tangia ni mtungi mrefu wa udongo, shingo nyembamba, masikio mawili. Ndani yake huingia muundi wa kondoo au wa ng'ombe, ndimu zilizowekwa kwenye chumvi, kitunguu saumu, bizari ya pilau, zafarani, samli iliyochachuka iitwayo smen, na maji kidogo sana. Mdomo unafungwa kwa karatasi na uzi. Kisha mpishi, ambaye kwa desturi ni mwanamume, fundi wa sokoni ama kapera, anaubeba mtungi hadi kwenye bafu la umma la mtaa, si mbele wanakoogea watu bali nyuma, kwenye tanuri linalochemsha maji ya bafu. Mtunza moto anaufukia ndani ya majivu ya moto na kuuacha hapo kwa saa nyingi, mara nyingi usiku mzima. Ukifunguliwa, mfupa unachomoka wenyewe.

Ninachokipenda kwenye tangia ni uvivu wake. Hakuna kukaanga, hakuna kuonja, hakuna kukoroga. Jivu la moto halipandi likachemsha kwa nguvu wala halishuki haraka, na kolajeni haihitaji kingine zaidi ya hapo. Nyumbani unaweza kuiiga kwa sufuria nzito yenye mfuniko unaobana, tanuri la sentigredi 130, saa tano au sita. Haitanuka moshi wa bafu, lakini mfupa utachomoka.

Usije ukadhani kiungo cha kazi lazima kizame mchuzini. Wamarekani wa Texas wamethibitisha vingine kwa kidari. Ng'ombe hana mtulinga, kwa hiyo misuli ya kidari inabeba sehemu kubwa ya uzito wa mbele, na ni migumu kweli. Wachomaji wa Texas ya kati, eneo lililopokea wahamiaji wengi Wajerumani na Wacheki katika karne ya 19, wanakipaka chumvi na pilipili manga tu na kukiweka kwenye moshi wa mwaloni kwa saa 10, 12, hata zaidi. Maji ya kulegeza kolajeni yamo ndani ya nyama yenyewe. Kinachowatesa wanaoanza ni kwamba nyama ikifika ndani sentigredi 65 hadi 75 inagoma. Saa mbili, saa tatu, kipimajoto hakipandi. Watu huongeza kuni kwa hasira. Nyama inatoa jasho tu, na jasho linaipoza kama linavyokupoza wewe. Ukiifunga kwenye karatasi nzito inaendelea kupanda, hadi 95 hivi ndipo inapokuwa tayari. Ni chakula cha ajabu, lakini nakuomba ukiweke mwisho kabisa wa orodha yako.

Sasa ule ukoo mwingine, wa haraka, ambako fileti yako ilikuwa inasubiriwa. Nyama isiyo na kolajeni hupikwa ili nyuzi zisipate nafasi ya kujikamua: moto mkali, muda mfupi, na uitoe ndani ikiwa sentigredi 55 hadi 60. Bistecca ya Firenze ni hivyo: bamba nene la kiuno lenye mfupa, makaa, chumvi, basi. Na kwa fileti iliyokatwa vipande virefu kama kidole kuna chakula cha Warusi kilichoitwa kwa jina la ukoo wa makabaila wa Stroganov: unaikaanga kwa dakika mbili kwenye kikaango kilichopata moto hasa, unaitoa, unatengeneza rojo la vitunguu, haradali na malai chachu kwenye kikaango hichohicho, unairudisha nyama ipate joto na kuzima. Usiichemshe. Wageni wako wangekula hicho na kukusifu, na fileti ingekuwa imetendewa haki. Yale majimaji mekundu yanayotoka kwenye steki, kama yanakutia kinyaa, si damu. Ni maji yenye mayoglobini, protini inayoipa misuli rangi.

Kati ya koo hizi mbili wapo wajanja, na ndio wanaonifurahisha zaidi: wale wanaochukua kipande kigumu kiasi na kukipika haraka, kwa kukishughulikia kabla hakijaona moto.

Ujanja wa kwanza ni kisu. Kile kipande cha fajita kina nyuzi ndefu, nene, zinazoonekana hata ukiwa umesimama. Ukikibanika na kukikata kwa kufuata nyuzi, meno yako yatakutana na kamba za sentimita kumi. Kigeuze, ukate kinyume cha nyuzi, vipande vyembamba, na kamba hizo zinakuwa na urefu wa nusu sentimita. Nyama ni ileile, ila kazi ya meno imefanywa na kisu. Wahausa wa Nigeria wanafanya hivyo na suya, nyama nyembamba kama karatasi kwenye kijiti, iliyopakwa unga wa karanga zilizokamuliwa mafuta pamoja na pilipili. Wajapani nao wamejenga vyakula vizima juu ya wembamba huo. Kwao nyama ya ng'ombe ilikuwa mgeni wa karibuni: mwaka 675 mfalme Tenmu alipiga marufuku kula ng'ombe na wanyama wengine kadhaa, na mwiko ukadumu kwa namna moja au nyingine hadi mfalme Meiji alipoila hadharani mwaka 1872. Sukiyaki ilipoanza kupendwa mijini, nyama ilikuwa imekatwa ya kuliwa kwa vijiti, wala hakukuwa na kisu mezani.

Ujanja wa pili ni nyundo. Wiener Schnitzel ni ndama, na Austria kanuni zinataka iwe ndama, ya nguruwe lazima itajwe hivyo. Inapondwa hadi inabaki milimita nne hivi, inavishwa unga, yai na chenga za mkate, kisha inaelea kwenye mafuta huku kikaango kikitikiswa ili ganda lijivimbishe na kuachana na nyama. Ukiona ganda limeganda bapa kama plasta, mafuta yalikuwa machache.

Ujanja wa tatu ni vimeng'enya vya matunda. Bulgogi huwekewa pea la Kikorea lililokunwa pamoja na sosi ya soya, sukari na mafuta ya ufuta, na tunda hilo hula protini taratibu. Papai bichi hufanya hivyohivyo kwa kebabu za Lucknow, kwa nguvu zaidi. Kiwi na nanasi pia. Hapa nina onyo: vimeng'enya havijui kuacha. Nyama iliyolala usiku na nanasi bichi haiwi laini, inakuwa uji juu na ngumu katikati. Nusu saa hadi saa moja inatosha. Nanasi la kopo halisaidii kitu, joto la kiwandani limeshaviua. Wachina wao wana njia ambayo mimi naitumia kuliko zote: magadi ya kuokea, kijiko kimoja cha chai kwa nusu kilo ya nyama iliyokatwa nyembamba, dakika 15 hadi 20, kisha unaisuuza vizuri na kuikausha. Magadi yanazizuia protini zisishikane kwa nguvu motoni. Ukisahau kusuuza utakula sabuni.

Nyama mbichi hukuuliza, lakini ukianza kuzunguka dunia utakutana na kitfo ya Ethiopia na tartare ya Wafaransa, kwa hiyo niseme neno. Kwenye kipande kizima vijidudu hukaa juu, na moto huwaua. Ndiyo maana steki yenye wekundu ndani haina hofu kubwa. Ukishaisaga, uso wa nje umeingia ndani. Nyama ya kusaga ifike sentigredi 71 katikati, kuku 74. Kitfo na tartare ni vyakula vya kula pale ambapo mpishi ameisaga mwenyewe sasa hivi kutoka kipande kizima anachokijua, na hata hapo mjamzito, mtoto na mgonjwa wapishe.

Dukani usitaje chakula. Ukimwambia muuza nyama "nataka ya rendang", atakupa anachofikiri kinakupendeza, yaani nofu safi isiyo na utando, nawe utakwenda nyumbani na tatizo lako la zamani. Mwambie utaipika kwa saa ngapi. "Nipe ya saa tatu" atakuelewa mara moja. Na jikoni, saa ya ukutani ikupe makadirio tu. Uma ndio uamue. Kama uma unaingia lakini nyama inaung'ang'ania unapoutoa, kolajeni bado. Watu wengi hufika hapo, wakaona nyama imekaza, wakadhani wameipika kupita kiasi na kuzima jiko. Kumbe walikuwa wamebakiza dakika arobaini. Jiko la presha hupika kwenye sentigredi 120 hivi badala ya 100, kwa hiyo saa tatu zinakuwa dakika 45 hadi saa moja. Ladha ya mchuzi hupungua ukolevu kidogo kwa kuwa maji hayapungui, lakini nyama huiva vizuri.

Mpangilio wangu, kama ungekuwa umekaa darasani kwangu: kwanza pörkölt ya Hungaria, kisha bulgogi ili ujifunze kisu, kisha tangia, halafu rendang siku ambayo hutarajii simu. Pörkölt ndiyo ambayo wageni wengi huiita gulashi kwa makosa. Kwa Wahungaria wenyewe gulyás ni supu. Na inakuja ya kwanza kwa sababu kipande chake kinachoheshimika kuliko vyote, kwa ng'ombe, ni muundi.

Toa basi ile nusu kwenye friza jioni, ilale ndani ya friji, rafu ya chini, hadi kesho. Usiutoe ule utando wala kano, kata tu vipande vya sentimita tatu nne. Kama nyama ni kilo moja, chukua nusu kilo ya vitunguu, vikate vidogo sana, uvipike taratibu kwenye mafuta ya nguruwe au mafuta mengine uliyonayo, dakika 20, hadi vilegee na kuwa na rangi ya dhahabu. Sasa ondoa sufuria motoni. Hili usiliruke: paprika ina sukari na huungua kwa sekunde chache, ikawa chungu, na hakuna dawa. Tia vijiko viwili vitatu vya chakula vya paprika tamu sufuria ikiwa nje ya moto, koroga, tia nyama, chumvi, kitunguu saumu na kijiko kidogo cha mbegu za karavei, ndipo urudishe. Nyama itatoa maji yake yenyewe. Funika. Maji yakikauka na kusikia mchirizo, ongeza maji robo kikombe, si zaidi, uache yakauke tena. Rudia hivyo kwa saa mbili na nusu, tatu. Kila yanapokauka rojo linakolea na kuwa jekundu la kutisha, na wewe usitie unga kulizidisha uzito, zile kano zinayeyuka na zitalifanya zito zenyewe. Chomeka uma. Ukitoka bila kung'ang'aniwa, zima, na upakue juu ya nokedli, vidonge vidogo vya unga na yai vilivyochemshwa. Kama hujui kuvitengeneza, viazi vya kuchemsha vinatosha.